Mti Mkubwa Hauji kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Miti Mikubwa na Miti Iliyopewa Umbo

(Matini ya mada iliyowasilishwa mbele ya wamiliki wa nyumba, wabunifu wa mandhari, wenye vitalu na watendaji wa mitaa)

Tunafahamu kuwa baadhi yenu mmefunga vitalu vyenu asubuhi ya leo ili kuja kutusikiliza, na wengine mmekuja mkiwa na ramani za viwanja mikononi. Tutajitahidi kusema yale yatakayowafaa pande zote mbili, anayeuza na anayenunua, kwa kuwa biashara ya miti hustawi pale tu ambapo mti wenyewe umestawi.

Anayepita kando ya barabara kubwa za Dar es Salaam huona vitalu vilivyojipanga kwa mamia ya mita: miashoki iliyosimama kama walinzi, mitende na michikichi ya mapambo, mifikasi iliyokatwa ikawa mviringo kama mpira, mibugenvilia iliyosukwa mashina. Miti hiyo huvutia, na si jambo la ajabu kwamba mtu aliyemaliza kujenga hutaka uwanja wake ufanane na nyumba iliyoishi miaka thelathini. Hatuna neno baya juu ya shauku hiyo. Kivuli kinapendeza, mji wenye joto unakihitaji, na mti uliokomaa huipa nyumba heshima ambayo rangi ya ukuta haiwezi kuipa. Tunachotaka ni kwamba fedha inayotolewa kwa ajili ya mti izae mti, isije ikazaa kuni.

Kinachouzwa hasa ni nini?

Anayenunua mti mkubwa hununua wakati. Hulipia miaka ambayo mtu mwingine ameingoja. Anayenunua mti uliopewa umbo hununua wakati pamoja na kazi ya mikono: mkasi uliopita juu ya matawi yale mara nyingi kila mwaka. Basi mnunuzi anapaswa kujiuliza maswali mawili kabla hajafungua mkoba. La kwanza, je, miaka hii ninayoilipia itasafiri salama hadi kwangu? La pili, je, mikono iliyoutengeneza mti huu itaendelea kuwapo baada ya mimi kuununua? Sehemu kubwa ya mazungumzo yetu ni jibu la maswali haya mawili.

Mti husafiri na nini?

Watu wengi hudhani kuwa mizizi ya mti huenda chini kwa kina kilekile ambacho matawi hupanda juu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti wa kawaida hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, na hutambaa pembeni hata kuvuka mwisho wa kivuli chake. Mizizi midogo, ile inayofyonza maji, ndiyo iliyo mbali zaidi na shina. Hivyo mti uliokulia ardhini unapong'olewa kwa donge la udongo, kilicho ndani ya donge lile ni sehemu ndogo ya mizizi yake. Sehemu kubwa ya ile inayofyonza maji imebaki shimoni. Majani yote yamekuja, wanywaji wa maji hawakuja. Ndiyo sababu mti uliohamishwa huweza kubaki na majani mabichi kwa majuma kadhaa ukitumia akiba yake, mnunuzi akafurahi na kulipa salio, kisha kiangazi kikaja na kuutoa uhai.

Kipimo kinachotumiwa na wahamishaji wa miti wenye ujuzi ni hiki: upana wa donge la udongo uwe takriban mara 10 hadi 12 ya upana wa shina. Mti wenye shina la sentimita 10 unadai donge la mita 1 au zaidi. Donge la mita 1 kwa upana na sentimita 60 kwa kina huweza kufikia uzito wa kilo 700 au 800, mbali na mti wenyewe. Hapo ndipo mnunuzi anapoweza kuutambua ukweli bila kuwa mtaalamu: akiambiwa kuwa mti mkubwa kama ule utaletwa na vijana wawili juu ya pikipiki ya magurudumu matatu, ajue kuwa mizizi imeachwa nyuma.

Mhamishaji makini huanza kazi miezi kadhaa kabla ya safari. Huchimba mtaro upande mmoja wa mti, akakata mizizi kwa zana kali, akarudisha udongo. Baada ya muda hufanya hivyo upande wa pili. Karibu na shina huota mizizi midogo mipya, na hiyo ndiyo itakayosafiri. Kwa hiyo muulizeni muuzaji: mti huu ulikatwa mizizi lini? Asiyelielewa swali amekwisha kulijibu.

Mitende, minazi na michikichi ya mapambo ina tabia yake. Mizizi yake huchipuka kutoka kitako cha shina, nayo hustahimili kuhamishwa kwa donge dogo kuliko miti mingine. Hii ndiyo sababu mitende mikubwa huonekana imesimama mbele ya hoteli mpya juma moja tu baada ya kufika. Lakini mtende una ncha moja tu ya kukua, iliyo katikati ya kilele chake. Ncha hiyo ikivunjika au kuoza, shina hilo limekufa, hata kama majani ya pembeni bado ni mabichi. Mtende unaosafirishwa ufungwe majani yake kuizunguka ncha hiyo, na usiburutwe wala kuangushwa.

Namna ya kuukagua mti kitaluni

Nendeni kitaluni wenyewe, tena mchana. Picha ya simu haitoshi. Anzeni chini, si juu, maana macho ya mnunuzi hupenda kukimbilia matawi na hali ugonjwa uko miguuni.

Kwanza, tazameni mahali shina linapokutana na udongo. Mti wenye afya hutanuka kidogo hapo, mizizi ya kwanza ikaonekana ikienda pembeni. Shina likiingia udongoni limenyooka kama nguzo, mti umefukiwa kwa kina kisichofaa, na gome lililofukiwa huweza kuoza.

Pili, ikiwa mti uko kwenye kiriba, chungu au pipa, ombeni uchunguze mizizi. Mti uliokaa muda mrefu katika chombo kidogo huzungusha mizizi yake ukutani mwa chombo. Mizizi hiyo isiponyooshwa au kukatwa wakati wa kupanda, huendelea kuzunguka hata ardhini, na baada ya miaka hulikaba shina kama kamba shingoni. Mti wa namna hiyo hausimami imara kwenye upepo.

Tatu, utikiseni mti taratibu. Shina na udongo vitikisike pamoja. Shina likicheza peke yake, donge limevunjika au mti umetiwa kwenye kiriba juzi ili uonekane wa kitalu.

Nne, tafuteni majeraha: gome lililochunwa kwa mnyororo, waya uliozama ndani ya shina, vitundu vyenye unga wa mbao, utomvu unaovuja, majani yenye kunata. Wadudu hawalipi nauli, lakini husafiri. Fukusi mwekundu wa mitende, mdudu atokaye Asia, alifika nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980, kisha akaenea hadi kando ya Bahari ya Mediterania. Njia yake kubwa ilikuwa ni mitende iliyohamishwa ikiwa na mabuu ndani ya shina. Mti mmoja ulionunuliwa bila kukaguliwa uliweza kuwa msiba wa shamba zima la jirani.

Mti uliopewa umbo

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mti. Umbo zuri hujengwa tangu tawi likiwa laini, kidogo kidogo, bila jeraha kubwa. Anayelichukua shoka na kukikata kichwa cha mti mzima ili apate umbo la haraka hapati umbo. Hupata vidonda visivyoziba, kuoza kunakoshuka ndani ya shina, na machipukizi mengi yaliyoshikamana na mti kwa udhaifu, ambayo baadaye hukatika na kuangukia gari au mtoto.

Chagueni mti ambao tabia yake inakubaliana na umbo mnalolitaka. Mwashoki wa aina inayonyooka hukua wima wenyewe, hivyo huhitaji mkasi kidogo. Mti wa mwavuli wa Madagaska, ule wenye matawi yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa, huleta umbo lake bila kulazimishwa. Mvinje hukubali kukatwa ukawa ukuta wa kijani na hustahimili chumvi ya pwani. Mfikasi na mduranta hukubali karibu kila umbo, lakini hukua kwa kasi, na umbo la mpira lisilopitiwa na mkasi kwa miezi michache hurudi kuwa kichaka. Miti mingi ya jamii ya msaipresi nayo ina sharti lake: ukiikata hadi kwenye tawi kavu lisilo na majani, haichipui tena mahali hapo, shimo hilo litabaki.

Kwa ua wa mimea uliokatwa kama ukuta, uacheni uwe mpana zaidi chini kuliko juu. Ua uliopanuka juu huyanyima majani ya chini mwanga, nayo hupukutika yakaacha miguu mitupu.

Juu ya hayo yote, fanyeni hesabu. Bei ya mti uliopewa umbo haimaliziki siku ya kuununua. Ulizeni mti huu hukatwa mara ngapi kwa mwaka, nani ataukata, na kwa malipo gani, kisha zidisheni kwa miaka mitano. Mkiona jumla inawatisha, chagueni mti mmoja wenye umbo kwa ajili ya mahali panapoonekana, karibu na lango au mbele ya baraza, na miti mingine iachwe ikue kwa maumbile yake. Bustani nyingi hupendeza zaidi hivyo, kwa sababu jicho hupata pa kutua.

Mahali, shimo na maji

Mti mkubwa haujifunzi adabu baada ya kupandwa. Kabla ya kuchimba, tazameni juu kama kuna nyaya za umeme, na chini kama kuna bomba la maji, shimo la maji taka au msingi wa ukuta. Jamii ya mfikasi, unaouzwa ukiwa mdogo na mpole kwenye chungu, ina mizizi inayojulikana kwa kupasua sakafu na kuinua vigae. Mkrismasi, ule wenye maua mekundu, hutandaza kivuli kipana na mizizi ya juujuu. Huhitaji uwanja, haufai kwenye kichochoro.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge, lakini lisizidi kina cha donge lenyewe. Mti uliokalishwa juu ya udongo uliolegea huzama, na mti uliozama hufukiwa shina. Rudisheni udongo uleule uliotoka shimoni. Tandazeni majani makavu au nyasi kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, mkiacha nafasi kuzunguka shina. Vigingi vya kuushikilia vifungwe kwa kitambaa au mpira mpana, na viondolewe baada ya mwaka mmoja hivi. Kamba iliyosahauliwa imeua miti mingi kuliko upepo.

Kwa ukanda wetu wa pwani, wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa masika, mwezi Machi, ili mti upate miezi ya mvua kabla ya kiangazi. Aliyepanda Juni ajiandae kwa maji ya ndoo. Katika miezi ya kwanza maji yaelekezwe kwenye donge lenyewe, kwa kuwa huko ndiko mizizi iliko. Kumwagilia mita mbili pembeni ni kumwagilia majani ya jirani. Maji mengi yanayopenya hadi chini kila baada ya siku chache yana faida kuliko kunyunyiza juujuu kila jioni. Na uangalizi huu si wa mwezi mmoja. Mti wenye shina nene huweza kuchukua miaka kadhaa kurudisha mizizi iliyoipoteza. Ndiyo maana mche mdogo uliopandwa siku moja na mti mkubwa huweza kuufikia na hata kuupita, kwa kuwa wenyewe haukupoteza kitu. Mwenye subira na mfuko mdogo asijione amenyimwa.

Makubaliano yawe kwenye karatasi

Malalamiko mengi juu ya miti huwa magumu kuyasuluhisha kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Tunashauri karatasi moja inayotaja mambo haya: jina la mti, pamoja na jina lake la kitaalamu, maana jina la mtaani hubeba miti zaidi ya mmoja; urefu wake, na mzunguko wa shina uliopimwa kwa futi kamba mita 1 kutoka ardhini; kama umekulia ardhini au kwenye chombo; upana wa donge; nani anasafirisha, nani anachimba shimo, nani anamwagilia na kwa muda gani; na mti ukifa, nani anabeba hasara. Dhamana inayoisha kabla ya kiangazi haijapita haina thamani kubwa. Bakizeni sehemu ya malipo hadi msimu huo upite, na daini risiti. Kwa upande mwingine, muuzaji naye analindwa na karatasi hiyohiyo: mnunuzi aliyeacha kumwagilia hawezi kumrudia akidai mti mpya.

Jambo la pili ni asili ya mti. Muulizeni muuzaji umetoka wapi. Mti ulioko kwenye hifadhi ya barabara si mali ya mwenye nyumba iliyo mbele yake, na mti wa msituni hauwi wa kitalu kwa kuwekwa kwenye pipa. Penye shaka, ofisi ya halmashauri au ofisi ya misitu ya wilaya iulizwe kwanza. Mimea inayotoka nje ya nchi huhitaji kibali cha kuiingiza kabla haijasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Majirani zetu wa Kenya wameliona jambo hili kwa macho. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa ili isafirishwe hadi Georgia, na mwezi Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanyike juu ya vibali vyake. Fedha ilikwisha kulipwa na mashimo yalikwisha kuchimbwa ndipo swali la msingi likaulizwa.

Mti mkubwa ulio wa bei nafuu

Tumelibakiza hili kwa makusudi, kwa kuwa ndilo ambalo tungependa mwondoke nalo. Mti mkubwa wa bei nafuu kuliko yote ni ule uliokwishakuwapo kiwanjani kabla ya ujenzi. Ni jambo la kusikitisha kuona mwembe au mkungu wa miaka arobaini ukikatwa siku ya kwanza ili lori la mchanga lipate pa kugeuzia, na mwenye kiwanja huyohuyo, siku ya mwisho, akanunua mti mwembamba kwa bei kubwa ili apate kivuli.

Kuulinda mti huo hakuhitaji utaalamu mkubwa. Mwiteni fundi na mchora ramani mbele ya mti kabla ya msingi kuchorwa. Mara nyingi kusogeza ukuta kwa mita chache kunatosha. Zungusheni uzio wa mabati au miti kufuata mwisho wa kivuli chake, na uzio huo usiondolewe hadi ujenzi umalizike. Ndani yake kusiwekwe kokoto, kusioshwe vyombo vya saruji, kusipite lori, na udongo usipandishwe wala kushushwa. Mizizi hufa kwa kukosa hewa kabla majani hayajatoa habari. Mti uliosongwa leo huweza kukauka baada ya miaka miwili, na hakuna atakayekumbuka sababu.

Mji nao unaweza kufanya vivyo hivyo. Mwaka 2020, Nairobi, mkuyu unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100 hivi ulisimama katika njia ya barabara ya juu iliyokuwa ikijengwa kando ya Waiyaki Way. Shauri la kwanza lilikuwa kuung'oa na kuupanda kwingine. Wananchi walipaza sauti, na mwezi Novemba Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri mti ubaki pale ulipo. Unguja nako, huko Bungi, safu za miembe iliyopandwa katika karne ya 19 kwa jina la Bi Khole bado huwapa kivuli wapitao. Hakuna winchi iliyoileta miembe ile. Ililetwa na mtu aliyepanda kwa mstari, akapima nafasi, akaacha.

Ndugu washiriki, hatukuja kumzuia mtu kununua mti mkubwa. Aliye na mahali, maji, fedha na mtu wa kuuangalia, anunue, na kitalu kizuri kitamhudumia vyema. Tunaomba tu mpangilio uwe huu: kwanza lindeni mti uliopo, pili pandeni mche pale mnapoweza kungoja, tatu, pale tu ambapo kungoja hakuwezekani, nunueni mti mkubwa kwa karatasi na kwa macho yaliyofunguka. Mkiuziwa kinyume cha makubaliano, njooni ofisini kwetu na karatasi, risiti na picha za mti tangu siku ulipofika. Msiung'oe kabla haujakaguliwa, kwa sababu mizizi yake ndiyo shahidi wenu.